Mume anataka tuzunguke viwanja vya besiboli siku nane mfululizo, gereji imejaa kofia na wifi ananisema

Shikamoo Anti. Natumai u mzima na familia yote. Nakusoma siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeona bora niandike kabla sijagombana na mtu humu ndani.

Tunakaa Columbus, Ohio. Mimi mtu wa Tanga mjini, baba watoto yeye Pangani, tuna watoto wawili, wa kike ana miaka 14 na wa kiume 11, na huyu wa kiume ndo chanzo cha yote. Sisi besiboli tulikuwa hatuijui kabisa, tumekulia mpira wa miguu, mume wangu Simba damu. Mtoto alivyoingizwa timu ya mtaani na rafiki yake wa shule baba yake ndo akawa anampeleka mazoezi kwa sababu anafanya shifti ya usiku kwenye ghala na mchana yuko nyumbani. Mwanzo alikuwa analala ndani ya gari mpaka mazoezi yaishe, afu akaanza kutoka nje, afu akaanza kuuliza uliza, sasa hivi Anti anabishana na baba za Kizungu kama yule mkimbiaji kafika au hajafika na wao wanamsikiliza!

Sama iliyopita, yaani kiangazi cha huku, tulienda Cincinnati, tukaenda Cleveland, tukaenda Pittsburgh. Sikatai, nilifurahi, hasa Pittsburgh, unakaa unaona mto na lile daraja la njano na majengo ya mji, nilipiga picha mpaka simu ikajaa. Shida yangu ni haya yaliyofuata.

Kwanza ni manunuzi. Kila uwanja lazima kofia yake, kofia ya mtoto, jezi, mpira wenye nembo, na vile visanamu vya mchezaji mwenye kichwa kikubwa kinachotikisika, yaani ukipita gereji wanakuitikia wote kwa pamoja. Cincinnati alinunua kofia za watoto wote wa kaka zake kwa sababu ni nyekundu, anasema hii Simba hii. Kuzituma ikawa ghali kuliko kofia zenyewe, zikatumwa chache, na mmoja wa wapwa zake ni Yanga, akasema yeye nyekundu havai hata apewe na rais. Boksi lililobaki liko hapa hapa mpaka leo.

Pili ni safari ya mwaka huu. Kachora ramani kaibandika kwenye friji. Tunatoka Columbus tunaenda Detroit, Chicago timu zote mbili, Milwaukee, St. Louis, Kansas City, tunarudi kwa Louisville, afu Cincinnati tena, afu nyumbani, yote ndani ya siku nane. Nikamuuliza tutalala saa ngapi akanijibu kwenye gari. Na anasema huo ni mwanzo tu, lengo lake ni viwanja vyote 30 kabla kijana hajamaliza sekondari.

Tatu, mama mkwe yupo. Kaja kututembelea, magoti yanamsumbua, hawezi kubaki peke yake nyumbani siku nane na wala mimi siwezi kumwacha. Ni mama mzuri sana kwakweli hana neno, ila hebu fikiria, tulimpeleka kuona mechi ya mjukuu wake akakaa kimya mudaa mrefu afu akaniuliza taratibu, mwanangu hawa wanaanza saa ngapi? Walikuwa wameshaanza zamani. Na chakula cha viwanjani yeye hali, hotidogi haamini imetengenezwa na nini, na mimi namuelewa.

Nne, binti. Yeye anasema anaenda kwa sababu hana pa kubaki. Cleveland alikaa mechi nzima anachorachora kwenye daftari lake hata kichwa hakuinua, baba yake akachukia kimoyomoyo nikaona kabisa.

Na la mwisho ndo linaloniuma. Kule nyumbani wanaezeka nyumba ya familia Pangani, sisi tuliomba watuvumilie kidogo na mchango. Mume wangu akaweka picha za uwanjani kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, kavaa jezi, kashika aiskrimu, anacheka. Wifi yangu akaandika "hongereni wenye hela zenu". Hakuna aliyejibu. Toka siku hiyo mimi nikipiga simu nasalimiwa nusu nusu kana kwamba jezi nilinunua mimi.

Sasa Anti nifanyeje? Nimwambie mwaka huu hakuna safari? Nikimwambia hivyo mtoto atalia na baba yake atanuna mpaka Krismasi. Au niende tu nikanyamaze? Na hizi kumbukumbu za viwanjani kuna namna ya kuzipunguza bila kumvunja moyo, maana kila nikisema neno ananiambia "mama watoto hutaelewa".

Ni mimi, Mama Wawili, Columbus.

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nimecheka hapo kwenye visanamu kuitikia, nisamehe. Nenda safari. Ila hiyo ya kwenye friji ing'oe, siyo safari ile, ile ni mashindano ya magari.

Nimeijumlisha njia yote, ni karibu maili 1,900, yaani kilomita kama 3,000. Ni Dar mpaka Mwanza, mrudi Dar, na bado mnadaiwa njia. Afu siyo kuendesha tu, kila jioni kuna mechi. Tangu 2023 waliweka saa ya kumharakisha mrushaji, yule anayemrushia mpira mwenye gongo, kwa hiyo mechi nyingi sasa zinaisha kwenye masaa mawili na nusu na kidogo, afadhali kuliko zamani, ila ongeza kutoka pakingi na watu maelfu, mnafika hoteli usiku mkubwa, asubuhi mnaamka mnaendesha tena na bibi mwenye magoti amekunjwa siti ya nyuma. Siku ya tatu hapo hakuna anayemsemesha mwenzake.

Na kuna jambo sina hakika kama baba watoto ameliangalia. Kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, 81 nyumbani na 81 ugenini, kwa hiyo mkifika mji wowote bila kuangalia ratiba kuna uwezekano mkubwa tu mkute geti limefungwa na timu iko California. Chicago ndo balaa kabisa, Cubs na White Sox mara nyingi mmoja akiwa nyumbani mwenzake kasafiri. Ramani ya kwenye friji kaichora kwa kufuata barabara, inatakiwa ichorwe kwa kufuata ratiba, na ukikaa naye mkafungua ratiba pamoja utaona miji inajipunguza yenyewe bila wewe kusema "sitaki". Hiyo fanya wikendi hii.

Ila kabla hujafungua ratiba nikuambie kwa nini mumeo kachanganyikiwa, maana "hutaelewa" ni neno baya na mimi sitaki uambiwe tena. Uwanja wa mpira wa miguu ukiona mmoja umeona mingi, Mkapa na Kirumba tofauti ni majukwaa, kule katikati ni pale pale. Besiboli hapana. Ndani kule vipimo ni sawa kila mahali, kutoka kituo kimoja wanachokimbilia wachezaji mpaka kingine futi 90, mrushaji anasimama futi 60 na inchi 6, ila ukuta wa nyuma kila mji unajenga unavyotaka wenyewe. Pittsburgh mlikokaa mkiangalia mto, ule ukuta wa kulia una futi 21, wameujenga hivyo kwa heshima ya mchezaji wao wa zamani Roberto Clemente aliyevaa jezi namba 21, na lile daraja la njano ulilopiga picha lina jina lake huyo huyo. Boston wana ukuta wa kijani wa zaidi ya mita 11 upande wa kushoto, uwanja wenyewe ni wa 1912. Kwa hiyo mpira ule ule uliopigwa vile vile, mji huu ni homurani, yaani umevuka ukuta, mji wa pili unagonga ukuta unarudi. Ndo maana watu wanazunguka. Mumeo siyo mwendawazimu, kaona kitu.

Sasa ukilijua hilo ndo unajua na namna ya kukata. Mimi ningefanya Detroit, Chicago na Milwaukee, basi, na ningelala kila mji siku mbili au zaidi. Detroit ni maili kama 200 kutoka kwenu, na uwanja wao ndani una gurudumu kubwa la kupanda lenye vibehewa vya umbo la mpira wa besiboli na bembea la kuzunguka lenye chui milia, binti na kaka yake wakichoka mechi wanaenda huko. Mkiwa Detroit mtaona Kanada ng'ambo ya mto na najua baba watoto atasema mbona Toronto tungepitia, maana katika zile timu 30 moja iko Toronto na 29 ndo za huku. Mwambie hapana mapema! Mama kaja na viza ya kutembea Marekani, Kanada ni viza nyingine, na kurudi ni maswali mengine, msije mkalala mpakani na bibi kwa sababu ya kofia.

Chicago nendeni Wrigley ya Cubs, hiyo msiibadilishe na nyingine. Ni ya 1914, ukuta wa nyuma umefunikwa na mmea unaotambaa, wa kijani kibichi wakati wa sama, mpira ukizama humo ndani una sheria yake, na ubao wa matokeo bado unabadilishwa na watu kwa mikono, wamekaa ndani ya ubao wenyewe. Taa waliweka 1988 tu, mpaka leo wanacheza mechi nyingi za mchana, kwa hiyo jioni mnakuwa mmeshakula na mmelala kama binadamu. Gari iacheni hotelini mpande treni, mstari mwekundu, mnashuka Addison uwanja huu hapa. Na White Sox wako kwenye mstari huo huo upande wa kusini, kituo cha Sox-35th, wakiwa nyumbani sawa, wasipokuwa nyumbani kijana akaone kwa nje yaishe. Pakingi ya pale karibu na Wrigley siku ya mechi ni hela ya kuezeka hiyo.

Milwaukee ni maili 90 tu kutoka Chicago, na wana paa linalofunguka na kufungwa, ndo mji pekee katika safari yenu ambao mvua haiwahusu. Kwingine mjue, mvua ikivunja mechi kabla ya iningi tano, yaani vipindi vitano, kukamilika haijawa mechi bado, tunza tiketi yako usome wanasemaje, usiondoke tu kwa hasira. Halafu Milwaukee katikati ya mechi watu wanavaa masoseji makubwa wanashindana mbio. Mama mkwe hatakula soseji ila mbio atacheka, nakuhakikishia.

St. Louis na Kansas City wekeni mwaka mwingine, na siyo kwa sababu hazina maana, Kansas City nataka muende kwa heshima yake. Kule kuna makumbusho ya ligi za watu weusi, Negro Leagues, zile walizocheza wenyewe wakati ligi kubwa imewafungia mlango mpaka Jackie Robinson alipoingia Aprili 1947. Hapo siyo mahali pa kupita dakika ishirini mkiwahi kurudi Ohio. Na kabla ya hapo muulize kijana kama Cleveland aliiona sanamu ya Larry Doby nje ya uwanja, huyo aliingia miezi michache tu baada ya Robinson, Julai mwaka huo huo, na ndo alikuwa wa kwanza mweusi katika American League, nusu moja ya ligi kubwa. Kama hakuiona, Cleveland ni karibu, rudini siku moja.

Kuna jambo jingine la mtoto wa Kiafrika anayependa mchezo huu. Mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kubwa ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017, na alianzia hapo hapo Pittsburgh mlipokaa, mara ya kwanza kabisa kushika gongo katika ligi hiyo akapiga akafika kituo cha kwanza. Mwambie kijana. Na mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuja fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Pennsylvania, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Mwaka mmoja kabla timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu ikanyimwa viza. Fainali hizo ni kila Agosti na kuingia ni bure, sikutanii, bure, wewe unalipa mafuta na mahali pa kulala. Kama bajeti ikibana kabisa mwaka huu futeni hata Chicago muende huko, mwanao atakaa anawaangalia watoto wa rika lake kutoka duniani kote, na baba yake hatanuna.

Haya tuje kwenye gereji.

Kosa la baba watoto ni kununua kila kitu kila mahali, ndo maana hakuna kitu kinachoonekana. Watu wazoefu wa safari hizi wanachagua aina moja tu. Mmoja anakusanya mipira yenye nembo, mwingine pini za kubandika kofiani, mwingine sarafu zile zinazobanwa na mashine zinatoka bapa na picha ya uwanja, hizo hazipo kila uwanja ila zikiwepo ni bei ya pipi. Mwambie mumeo achague chake kimoja, kijana kimoja, na visipishane. Mtoto umtengee hela yake ya kila uwanja, akinunua aiskrimu zote akakosa pini ni juu yake. Na hiyo aiskrimu wanaiuza kwenye kikofia kidogo cha plastiki cha timu, mkishakula mnakisuuza mnarudi nacho, mimi naona hiyo ndo kumbukumbu bora kuliko jezi, inakaa kabatini inawekewa karanga.

Zamani watu walitunza vipande vya tiketi, siku hizi tiketi ziko kwenye simu hakuna cha kutunza. Badala yake pitieni dawati la huduma kwa wageni mkaulize cheti cha mechi ya kwanza, timu nyingi wanakupa bure, wanaandika jina na tarehe. Mama mkwe apatiwe chake! Akirudi Pangani na cheti cha Chicago chenye jina lake atakiweka kwenye fremu sebuleni. Na visanamu hivyo vya kichwa kikubwa msinunue tena, angalieni ratiba, kuna siku timu inavigawa bure kwa wanaowahi kuingia. Kama mumeo anavipenda hivyo basi awahi foleni.

Mpira ukirukia kwa watu mkaudaka, ni wenu. Usimwache mtu akutishe. Kuna mtu New York 1921 alikataa kuurudisha wakamtoa uwanjani, akashtaki akashinda, na toka hapo ikazoeleka mpira wa jukwaani ni wa mtazamaji. Ila Wrigley mkidaka homurani ya timu ngeni majirani watawapigia kelele muurudishe uwanjani, ni mila yao, kijana aamue mwenyewe.

Boksi la kofia nyekundu aondoke nalo mama mkwe kwenye begi la kukabidhi ndege, kofia hazina uzito. Yule mpwa wa Yanga mtafutieni kofia moja tu ya Athletics, kijani na njano kabisa, wale waliohama Oakland sasa hivi wanacheza Sacramento wakisubiri uwanja wao Las Vegas, hata duka la mtandaoni ipo. Na kuanzia hapo zawadi za nyumbani zitengwe na kumbukumbu za safari. Mtu wa Pangani hana kazi na kofia ya Milwaukee, ana kazi na bati la kuezekea.

Binti sasa. Wewe umeandika kama jambo dogo kwamba alikuwa anachora mechi nzima. Alikuwa anachora nini, uliangalia? Kama viwanja havifanani ukuta kwa ukuta kama nilivyokueleza, basi mtoto anayechora ndo msafiri wenu hasa. Mnunulie daftari zuri moja la safari hii, achore kila uwanja kutoka siti aliyokaa, na baba yake akanyage ulimi asimwambie aangalie mpira. Na kila mji mpe nusu siku iwe yake, achague yeye, Detroit na Chicago zote zina majumba ya sanaa makubwa ambayo watu wanatoka mbali kuja kuyaona. Kijana na yeye ataburutwa huko kidogo, haki sawa.

Mama mkwe mkatieni siti zile za watu wenye shida ya kutembea na mtu mmoja wa kukaa naye pembeni, zipo kila uwanja, unauliza mapema wakati wa kununua tiketi. Mechi ya mchana tafuteni safu za nyuma za chini zilizofunikwa na ghorofa ya juu, jua la Julai pale siyo mchezo. Chakula bebeni chenu, viwanja vingi vinaruhusu chakula cha nyumbani na maji ya chupa ambayo haijafunguliwa, ila kila uwanja una sheria zake na mifuko ina vipimo vyake, soma kwanza kwenye tovuti yao usije ukaambiwa umwage sambusa getini. Fanya sambusa, katlesi, chapati zilizokunjwa, weka kwenye mifuko ya wazi waone kilichomo. Na mjukuu ndo akae pembeni ya bibi amweleze mchezo, siyo baba yake, baba yake ataanza na takwimu.

Kuhusu nyumba ya Pangani, mkikata miji minne na jezi mnaokoa hela ya hoteli, mafuta na tiketi, na hiyo ya kwanza kabisa itoke iende kwenye mabati kabla hamjawasha gari. Siyo baada. Picha zitumwe baada ya mabati kufika, na ya kwanza iwe ya mama yao kavaa kofia, tuone nani ataandika hongereni. Wifi yako usimjibu kitu wewe, wala kwenye grupu wala pembeni. Huyo ni dada yake mumeo na mwenye jezi alikuwa mumeo, ampigie simu yeye mwenyewe kwa sauti siyo meseji, amwambie kiasi kinachokuja na tarehe. Na akimaliza kumweleza akupe simu na wewe usalimie.